Kitabu cha Uchagani

Miaka ya vita nilikuwa fundi wa makasha huko Changamwe. Tulipigilia makasha ya Wazungu waliokuwa wakihamishwa au kurudi kwao, na kila Mzungu anayefunga mizigo hugundua kwamba vitabu ni vizito kuliko sahani. Basi huvitupa. Mimi niliviokota, lakini si vyote. Nilitaka vya zamani tu, vyenye picha za miji. Biblia nilikuwa nayo, na hadithi za mapenzi yao hazikunihusu.

Fundi mwenzangu, Mswahili wa kisiwani mwenye maneno mengi, alinicheka. "Wallahi wewe una miji mingi kuliko gavana," aliniambia. "Una Bombei, una Unguja, una Lamu, na chumba unacholala si chako."

Kweli nilikuwa nayo. Vitabu vingine vilikuwa na picha zilizochorwa kwa mkono, mistari myembamba kama nywele, zikafunikwa kwa karatasi laini ili zisichubuke. Vingine vilikuwa na picha za kamera kwenye karatasi ya kung'aa. Humo kila mji ni safi na mtupu: ngome, forodha, benki, barabara iliyofagiliwa. Sisi tulikuwa pale kama minazi, tumewekwa pembeni ili jumba lionekane refu. Nilikasirika, kisha nikafungua ukurasa mwingine, maana nilikuwa nikimtafuta mama yangu.

Mama alikufa akinizaa. Sikumjua hata kwa sauti. Baba alinidokeza mara moja tu, tukiwa njiani kwenda kanisani, kwamba kabla sijazaliwa mama alikuwa akipeleka muhogo kuuza kisiwani Mombasa, na siku moja Mzungu mwenye sanduku la miguu mitatu akawasimamisha yeye na wenzake, akawapiga picha. Miaka baadaye padri mmoja akamwonyesha baba kitabu cha miji ya pwani, na mama yumo. Padri aliondoka na kitabu chake. Baba hakusema zaidi, kwa sababu nyumbani palikuwa na mama aliyenilea, na kwetu mke aliyekufa hasemwi mbele ya mke aliye jikoni. Nilipomuuliza baba, mama alikuwaje, alinijibu, "Lete kitabu. Nitakuonyesha kwa kidole. Maneno ya nini?"

Wengine wote waliomjua walikuwa wamekwisha kufa. Kilichobaki ni kidole cha baba, na macho ya baba yalikuwa yakiingia ukungu. Kwa hiyo nilikuwa na haraka, na mwenye haraka hasahau kuangalia mbele, husahau kuangalia chini. Chumba changu kilikuwa na sakafu ya udongo. Mchwa walipanda kwenye kasha, wakala Bombei yote na nusu ya Unguja, wakaacha majalada yamesimama wima, ndani matupu kama vibuyu. Nilikaa kitako nikalia. Fundi mwenzangu hakunicheka siku hiyo.

Vita vilipokwisha Wazungu walizidi kufunga mizigo, na kwenye nyumba moja huko Mkomani nikakipata kitabu. Jalada lilikuwa limefifia, lakini nilipofika picha za Mombasa nilikisogeza kwenye mwanga. Wanawake watano walisimama chini ya ukuta wa soko, wamevaa hando, zile sketi zetu za marinda mengi, vikapu vya muhogo vichwani. Chini yao paliandikwa kwamba ni wenyeji sokoni, basi. Niliwatazama mmoja mmoja. Nilidhani damu itaniambia. Damu haikuniambia kitu. Nilikwenda kujitazama kwenye kioo cha kinyozi, nikarudi kwenye picha, na nikaona ama wote wana pua yangu ama hakuna aliye nayo.

Nilikipeleka nyumbani Mwakirunge. Baba alikibeba hadi uani penye jua, akakisogeza puani, akakigeuza huku na huku.

"Naona mwanga na kivuli, mwanangu," alisema. "Watu siwaoni."

Nilimpeleka hospitali. Daktari alimtazama, akasema mtoto wa jicho hajakomaa. Tungoje akomae, ndipo atatolewa, na mzee ataona. Tulirudi tumefurahi. Kungoja tulikujua.

Baba aliniuliza kitabu nitakiweka wapi. Nilimweleza habari za mchwa, naye akashangaa kwamba mtu mzima sijui jambo kama hilo. Kwetu kitu usichotaka kukipoteza hupandishwa uchagani, kwenye dari ya fito juu ya mafiga, penye mahindi ya mbegu. Moshi hufukuza mchwa na fukusi. Mama aliyenilea alikifunga kwa kanga yake nzuri, akakipandisha mwenyewe.

"Mbegu haijaoza pale tangu niolewe," alisema.

Alijua ndani yake mna nani, na bado alitoa kanga. Nilirudi Changamwe nikalala usingizi mzuri, jambo ambalo sikulizoea.

Masika mawili yalipita ndipo baba akapasuliwa jicho. Alirudi na miwani mizito kama vitako vya chupa. Aliwaona kuku wake akacheka, akaniona mimi akasema nimezeeka. Kisha akasema, "Kilete."

Kanga ilikuwa nyeusi kwa masizi. Mchwa hawakukigusa kitabu, hata mmoja. Lakini mvuke wa kila sufuria iliyochemka miezi yote ile ulikuwa umepanda juu, na karatasi ile ya kung'aa ilikuwa imeunywa. Mbegu haina shida na mvuke, hukaushwa na moto uleule. Kurasa zilikuwa zimegandana zikawa ubao mmoja. Nilichukua kisu changu chembamba cha kazi, nikaanza kuzitenganisha polepole. Ukurasa wa soko ulifunguka. Nyuso zilibanduka zikagandia ukurasa wa pili, chenga nyeupe tupu. Kwenye ukurasa wetu vilibaki vikapu, marinda ya hando, na miguu.

Mama aliyenilea alitazama, akaingia ndani. Baba aliinamia ile miguu kwa miwani yake mipya kwa muda mrefu. Halafu, kwa kuwa tulikuwa peke yetu uani, akafanya asilowahi kufanya pale nyumbani. Alimsema marehemu.

"Lakini wewe ulimwona," alisema kwa sauti ya chini.

"Niliwaona wote, baba."

"Yeye ndiye aliyekuwa akicheka. Wenziwe walimwogopa yule Mzungu, yeye alicheka hata kikapu kikapinda kichwani. Kwenye kitabu cha padri yuwacheka, meno yote nje. Hukosi kumjua. Ulimwona?"

Picha ile nilikuwa nimeitazama hata naijua kuliko chumba changu. Wanawake watano, midomo imefumba, vikapu vimenyooka. Hapakuwa na aliyecheka. Basi hiki hakikuwa kitabu cha padri.

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Nilimwona."

Akafurahi. Akavua miwani, akaegemea ukuta, akaniomba nimsimulie alivyokuwa.