Ubeti Uliokosekana

Darasa la tano walimwita Mwalimu Beti, na mwenyewe alijua. Miaka ishirini na mbili alikuwa akiwasomea watoto mashairi na hadithi za kale, na hajawahi kuanza na "fungueni ukurasa wa kumi." Alianza kama mtu aliyeleta umbea: "Jamani, mmesikia huyu mama alivyomwambia bintiye?" Viti vikasogezwa. Kitabu kilifunguliwa baadaye, watoto wamekwisha kunasa.

Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja tu, kimeshonwa kwa uzi wa viatu. Jumatano moja, katikati ya shairi, akafunua na kukuta ukurasa umechanika. Binti anaondoka, mama amemshika mkono, na maneno hakuna.

"Tutaruka hapa," akasema.

"Usiruke, mwalimu wangu!"

Sauti ilitoka dirishani. Alikuwa mama mfagiaji wa shule, fagio mkononi. Akafumba macho, akaghani ule ubeti wote bila kukosa hata mizani moja.

Mwingine angeona haya. Mwalimu Beti alifungua mlango. "Ingia, mama. Leo mwalimu ni wewe."

"Mimi? Herufi moja siijui. Haya aliniimbia marehemu bibi."

"Basi wewe sema, mimi niandike."

Ubao ulipojaa, mfagiaji akausogelea. "'Mwanangu' liko wapi hapo?"

Mtoto wa dawati la mbele akamwonyesha. Mama akaligusa taratibu, chaki ikamshika kidoleni. Hakuifuta.

Tangu hapo kila Jumatano alikaa dawati la nyuma akijifunza herufi, magoti yakigonga mbao. Mwalimu mkuu akaja juu: korido chafu, nani atafagia? Mwalimu Beti akamjibu kwa adabu kwamba darasa la tano litafagia pamoja na mama kabla ya kengele. Kesho yake yeye mwenyewe ndiye aliyeshika fagio la kwanza. Mkuu akarudi ofisini kwake.

Ilichukua mwaka na nusu. Siku ya wazazi, mfagiaji alisimama akasoma shairi ambalo hajawahi kulisikia kwa mtu, kidole kikifuata mstari. Alikwama mara mbili, akarudi nyuma, akaendelea. Mwalimu Beti alikuwa ukutani, ameuma mdomo ili asimsaidie, na machozi ameyaacha yajiendee.