Majeruhi wa Sura ya Tisa

Nilikuwa nimefika sura ya tisa ya riwaya yangu kaka yangu alipohamia kwangu Muyeye. Alikuwa ameacha jeshi, akapata kazi ya ulinzi katika hoteli moja kule Watamu. Ni mtu wa maneno machache tangu utotoni. Sikumuuliza habari za vita, naye hakunisimulia.

Lakini nilikuwa naandika vita. Riwaya ilihusu kikosi kilichoshindwa, wanaume kumi na mmoja wanaorudi nyuma kwa miguu siku nne, adui akiwafuata. Mengine niliyaokota redioni na katika mazungumzo ya watu, yaliyobaki nikayatunga. Nilijiambia hayamhusu kaka.

Jumamosi moja asubuhi nilitoka jikoni na birika la chai, nikamkuta ameketi mezani kwangu, karatasi zangu mkononi. Hakuinua uso.

"Nani aliyekwambia haya?"

"Yapi, kaka?"

"Huyu uliyemwegemeza ukutani."

Katika sura hiyo, askari aliyepigwa risasi ya paja anashindwa kutembea. Wenzake wanamwegemeza kwenye ukuta wa nyumba iliyobomoka, wanamwachia chupa ya maji, wanamwahidi kurudi, wanaondoka.

"Hakuna aliyeniambia. Nimetunga."

"Usinidanganye."

Alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake, wala hakugeuka. Sikuwahi kumwogopa kaka yangu, lakini siku ile nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, chai ikinimwagikia miguuni. Nilidhani atazichana karatasi. Badala yake alizilaza mezani, akazinyoosha kwa kiganja, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa umekosea," alisema, sauti imeshuka. "Hatukumwachia maji. Chupa ilikuwa yake. Niliichukua mimi."

Niliweka birika sakafuni.

"Alikuwa ananitazama tu. Hakusema kitu. Na tulipofika kambini, mimi ndiye niliyesema alikufa palepale."

Mama yake yule askari alikuwa akiishi Kakuyuni. Kaka alilijua hilo miaka yote. Mwili ulipopatikana baadaye na kuletwa kuzikwa, alisingizia homa, hakwenda.

"Nataka kwenda leo," alisema. "Nikingoja kesho sitakwenda. Twende wote."

Nilimsihi. Nilimwambia yule mama ameshalia, ameshazika, ya nini kumtonesha kidonda? Nilipokuwa nasema hayo, yeye alikuwa anafunga kamba za viatu.

Tulimkuta nje ya nyumba yake, anapukuchua mahindi, kanga imetandazwa mapajani. Kaburi la saruji lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Kaka hakulitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, vuteni vigoda."

Mimi niliketi. Kaka hakuketi. "Mama, nilikuwa na mwanao kule," alianza, na akayasema yote: risasi ya paja, ukuta, chupa. Alisimama wima kama mtu anayekaguliwa, jasho likimchuruzika. Mikono ya yule mama iliendelea kupukuchua, kisha ikapunguza mwendo, kisha ikatulia.

"Alikuwa hai mlipomwacha?"

"Alikuwa hai, mama."

"Alikwambia nini?"

Ingekuwa rahisi mno kumpa neno: kwamba mwanawe aliwaambia wenzake waende, kwamba alimtaja yeye. Mimi ningelitunga papo hapo. Nusura nifungue mdomo.

"Hakusema kitu," alijibu kaka.

Mama alisimama, punje zikamwagika chini, akaingia ndani na kufunga mlango. Tulingoja juani. Kuku walikuja, wakala mpaka wakatosheka, nasi bado tupo palepale. Mwishowe sauti yake ikatoka dirishani, kavu.

"Nendeni."

Kwa wiki mbili kaka alikwenda kazini na kurudi bila kunisemesha. Niliifungia sura ya tisa kabatini, na mpaka leo sijaigusa. Kila alipochelewa kupokea simu yangu, nilifikiria mabaya, nikijilaumu kwamba mimi na hadithi yangu ndio tuliompeleka kule.

Kisha yule mama akanipigia simu. Namba yangu aliipata wapi, sijui.

"Mwambie kaka yako aje," alisema. "Aje peke yake."

Alikwenda Jumapili. Nilifagia nyumba mara mbili, nikafua nguo zilizokuwa safi, nikatoka barabarani kuangalia, nikarudi. Alifika alasiri, vumbi la Kakuyuni mpaka magotini, akaketi kizingitini.

"Amekuuliza nini?"

"Aliumia mguu upi." Alijigusa paja la kushoto. "Nikamwonyesha. Akaweka mkono wake hapa, akalia. Tukalia."

"Halafu?"

"Halafu akanipa chakula. Amesema nirudi Jumapili ijayo, nimsimulie tangu mwanzo, polepole."