Paka Aliyepoteza Sauti

Paka wetu alitafuna ua la sebuleni, lile la majani mapana yenye madoa meupe. Nilimkuta ulimi umevimba, mate yanamchuruzika. Nikamsafisha mdomo, nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Alipona, lakini sauti haikurudi. Alikuwa akifungua mdomo kulia, kimya. Ua nikalitupa.

Siku chache baadaye nilisimama mlangoni nimembeba paka. Jirani yangu, mwenye duka hapa mtaani Jabe, akaniuliza, "Paka yenu iko na nini? Inalia mu nyumba tangu asubuhi."

"Apana, mama. Ni hii, na haina sauti."

Tukasikiliza. Ndani, ambamo hamkuwa na mtu, kitu kikalia kama paka. Wangu akasimamisha masikio. Sikuingia mpaka mume wangu aliporudi kutoka bandarini. Tulipekua kila chumba, tusikute kitu.