Nyundo kwenye maonyesho ya mawe

Kwetu Butiama, mtu akitaka kununua jiwe la dhahabu, unalitwanga mbele yake aone kilichomo. Usipotwanga anakuona tapeli. Mimi nilikuwaga natwanga hata nilipohamia Musoma mjini, mpaka mke wangu akanikataza, eti vumbi linaingia kwenye dagaa zake alizoanika uani.

Basi mwaka jana nikaenda Ulaya, kwenye maonyesho ya mawe ya dunia nzima. Nilikuwa na jiwe moja tu la maana, jeupe, lenye nyuzi za dhahabu. Nisipoliuza hilo, nimerudi bure. Mama mmoja wa Kizungu akaligeuza, akaligeuza. Nikajua ananishuku. Nikachukua nyundo kwenye meza ya jirani, nikainua.

“Mzee, acha!” Mtanzania mwenzangu wa meza hiyo ya jirani akanidaka mkono. “Huyu analitaka zima, la kuweka kabatini!”

“La kuangalia tu? Dhahabu asitoe?”

“Asitoe! Shusha nyundo, mzee wangu.”

Yule mama alikuwa ameshalikumbatia jiwe kifuani. Alilinunua hivyohivyo, akalifunga mwenyewe kwenye karatasi. Mimi hakuniachia tena niliguse.