Rubani Aliyegeuza Ndege

Karatasi iliwauliza marubani kama wangejitolea kugongesha ndege zao kwenye meli za adui na kufa nazo, nayo ilikuwa na majibu matatu: natamani sana, natamani, sitaki. Iwakiri Tamotsu, mwana wa mtengeneza mapipa, alimchungulia rafiki yake Hamasuna aliyeketi kando. Hamasuna naye alikuwa akimchungulia yeye. Wote wawili wakazungushia duara jibu la kwanza.

Wiki tatu baadaye, alfajiri moja ya Mei 1945, walisimama kwenye uwanja wa ndege kusini mwa Kyushu, kisiwa cha Japani. Kila ndege ilikuwa imefungwa bomu na kutiwa mafuta ya kwenda tu, si ya kurudi. Iwakiri alishika tonge la wali bila kulila.

"Kama huli, lete," Hamasuna alisema. "Bora nife nimeshiba." Alicheka, lakini kikombe chake cha pombe ya kuagana alikiacha kimejaa.

Wakaruka. Walipokuwa mbali baharini, Iwakiri alisikia injini ikikohoa. Akatega sikio. Ikakohoa tena, au alidhani hivyo. Mikono yake ikageuza ndege kabla hajaamua lolote. Hamasuna alimpungia mkono mara moja, akashika njia yake.

Iwakiri alidondosha bomu baharini, akarudi kutua. Kamanda alikuwa akimngoja.

"Wenzako wamekwenda. Wewe umefuata nini huku?"

"Injini, afande."

Fundi Sugaya, mzee mwenye vidole vyeusi, aliiwasha, akasikiliza kwa muda mrefu. Ilinguruma vizuri kabisa.

"Plagi za injini zimechafuka, afande," Sugaya alisema bila kumtazama mtu. "Isingefika."

Akapangiwa kuruka tena. Kila asubuhi aliamka akijua ni leo; mara mvua, mara mafuta hakuna. Ilifika mahali akawa anaomba iwe leo kweli, apumzike na kungoja. Agosti vita vikaisha, naye yuko hai, hajui afanye nini na uhai wenyewe.

Mwaka uliofuata alikwenda kwa mama yake Hamasuna.

"Aliogopa?" mama aliuliza, akimmiminia chai.

Maneno aliyoyapanga kwenye treni yalimpotea. "Aliogopa, mama. Sote tuliogopa. Mimi niligeuza, na mpaka leo sijui kama injini ilikuwa mbovu."

Mama aliweka birika chini.

"Waliokuja kabla yako walinisimulia shujaa asiyeogopa, mtu nisiyemjua," alisema. "Wewe ndiye uliyeniletea mwanangu. Kaa, unieleze."

Iwakiri alikaa mpaka treni ya jioni ikamwacha.