Njia ya Juu ya Ziwa

Ukitaka kulizunguka ziwa letu kwa miguu, ondoka alfajiri, na maji uyaweke mkono wako wa kulia. Usikubali mtu akwambie kwamba ni mamoja kuanzia huku au kule. Ukungu wa Uluguru hupanda kutoka mashariki jua likishavuka utosi, basi ule upande wa mashariki umalize mapema, wakati bado unaona unapokanyaga. Kwenye mafunjo pita tope likiwa bado limeshikwa na baridi ya asubuhi. Chemchemi ya kwanza usinywe, maji yake yana ladha ya kutu. Vumilia mpaka ya pili, ile inayotoka chini ya mwamba. Na pale mto unapotoka ziwani vua viatu, hata kama gogo la kuvukia linaonekana kavu.

Maneno hayo si yangu. Ni ya bibi yangu mzaa mama, nami nimekaa nayo miaka mingi bila kumgawia mtu. Mwezi uliopita mjukuu wangu, ambaye ni dereva, alikuja nyumbani kwangu hapa Morogoro, akanipakia kiti cha mbele na kuniambia, "Bibi, leo nakupeleka kwenu." Siku hizi kuna barabara ya magari ya misitu inayolizunguka ziwa lote. Tuliimaliza safari ya kutwa nzima kwa muda ambao hata sufuria ya maharage isingeiva. Tulipofika upande wa kaskazini akapunguza mwendo, akaniuliza nyumba yetu ilikuwa wapi. Nilitazama nje nikaona miti, mikubwa na minyoofu, imesongamana mpaka majini. Nikamwambia aendelee tu. Alidhani ni uzee. Tangu siku hiyo moyo wangu umekuwa mzito, ndiyo maana nakusimulia.

Nilipokuwa mtoto alitawala Mdachi, yaani Mjerumani. Sisi watoto wa kule juu tulimjua kwa kusikia zaidi kuliko kuona. Siku ambazo hakuna ukungu tulipanda mgongo wa mlima tukaona, mbali chini, uzi wa moshi ukitambaa bondeni, na wakubwa wakatuambia lile ndilo gari la moshi la Mdachi. Kodi ilikusanywa na jumbe, basi. Kitongoji chetu kilikuwa na nyumba saba, zote za ukoo mmoja wa kina mama, kwa maana kwetu ardhi hufuata upande wa mama, na bibi ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Nyumba zilikaa kwenye mteremko juu ya ziwa. Nyuma yake kulikuwa na mashamba ya maharage, na nyuma ya mashamba, makaburi.

Nilikuwa na umri wa kama miaka minane. Asubuhi niliamshwa na milio ya mbega kule msituni na harufu ya moshi wa kuni mbichi. Kulikuwa na baridi kiasi kwamba tulishika magimbi ya moto viganjani kwanza ndipo tukayala. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kupalilia, kuchuma mnavu wa mboga, na kila baada ya mavuno kufuatana na bibi kulizunguka ziwa. Tulikwenda kukata mafunjo ya kusukia majamvi, na kuwasalimu jamaa zetu wa ng'ambo. Bibi alitembea polepole akinionyesha kila kitu: hapa kanyaga, hapa ruka, hapa nyamaza kwa sababu wamelala wazee. Wapita njia wote waliokuja kumwuliza aliwajibu kwa uangalifu uleule. "Njia ni ya anayeuliza," alikuwa akisema. Nadhani hapakuwa na kitu alichokipenda kuliko kuulizwa njia.

Msimu mmoja wa kipupwe akaja Mzungu. Aliongozana na askari wawili, wapagazi, na mkalimani, mtu wa pwani mwenye kofia ya kufuma na sauti ya upole. Watoto tulikimbilia ndani. Baadaye tulichungulia tukamwona Mzungu ni mwembamba, anavaa miwani, na anachuma majani ya miti na kuyalaza katikati ya makaratasi kama mtu anayelaza mtoto. Hakuwa na bakora, na hakumfokea mtu.

Mkalimani alimsalimu bibi kwa adabu, akakaa kwenye kigoda alichopewa. "Mama," alisema, "Bwana amesikia kwamba hakuna anayelijua ziwa hili kama wewe. Anataka kulizunguka."

"Anatafuta nini?" bibi aliuliza.

Mkalimani akamgeukia Mzungu, wakasemezana. "Anasema anataka kuliona tu. Amesikia ni zuri."

Bibi alitabasamu. Sisi tulizunguka ziwa kwa ajili ya mafunjo, au msiba, au kupeleka posa. Kwamba mtu atoke Ulaya aje kulitazama, hilo lilimfurahisha kama vile amesifiwa mwanawe. Jirani yetu, mama mmoja wa nyumba ya pili aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni, alimvuta kando akamwambia aseme anaumwa mguu. Bibi akamjibu, "Mgeni ni mgeni. Nikimficha njia nitamwambia nini Mungu?"

Tuliondoka alfajiri, mimi nimebeba kibuyu cha togwa. Bibi alitangulia, Mzungu nyuma yake, kisha mkalimani. Yote niliyokwambia mwanzo aliwaambia wao siku ile, neno kwa neno, na mkalimani akayageuza. Kwenye chemchemi ya pili Mzungu alikunywa kwa kiganja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na bibi akanitazama kama kusema, unaona?

Kila tulipokwenda kidogo Mzungu alisimama, akatazama chombo chake, akaandika. Kisha mpagazi mmoja alikusanya mawe au kuchagua mti, na mwingine akapaka chokaa kutoka kwenye debe. Bibi aliona ni jambo la akili. "Wanaweka alama wasipotee wakirudi," aliniambia. Mahali pamoja aliona wamepanga mawe kwenye mkondo, akamwambia mkalimani, "Hapo mvua itayasomba. Wekeni juu zaidi." Wakayahamisha wakayaweka juu zaidi.

Jioni ilikuwa inakaribia tulipovuka mto na kuanza kurudi kwetu. Pale njia iligawanyika. Ya chini ilifuata maji, ikapita chini ya nyumba zetu. Ya juu ilipanda nyuma ya mashamba na makaburi, kisha ikateremka tena upande wa pili. Wapagazi walikuwa wamechoka, na mkalimani akauliza ipi ni fupi.

"Ya chini," bibi akasema. "Lakini ina tope, na haina cha kutazama. Mwambie Bwana apande kidogo tu. Kutoka kule juu ataliona ziwa lote, kama sinia."

 Nakumbuka mkalimani alikawia kuliko ilivyohitajika kugeuza maneno machache. Halafu akayageuza, na tukapanda.

Kule juu ukungu ulikuwa umefika nusu ya maji tu, na nusu nyingine ilikuwa iking'aa. Mzungu alivua kofia. Alisema maneno ambayo mkalimani hakuyatafsiri. Nyuma ya makaburi yetu kulikuwa na jiwe kubwa, na mpagazi alipoanza kulipaka chokaa, Mzungu aliniona nimekodoa macho, akanipa ile brashi. Nililipaka jiwe lote, pande zote, nikajichafua mpaka viwiko. Bibi alicheka. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Walipoondoka kesho yake, mkalimani alichelewa nyuma kidogo. "Mama," alisema, "mwaka huu usilime shamba kubwa."

"Kwa nini?"

"Nimesema tu, Mama." Akaenda zake.

Bibi alilima kama kawaida. Maharage yalikuwa yametoa maua alipokuja tena mkalimani, safari hii na askari sita na jumbe, bila yule Mzungu. Tulikusanywa mbele ya nyumba. Mkalimani alikunjua karatasi akasoma, macho yake hayakutoka kwenye karatasi ile. Kila kilichomo ndani ya mawe meupe ni msitu wa serikali. Hakuna kulima humo, hakuna kukata mti, hakuna kujenga. Watu wote washuke kabla ya masika.

"Mawe yepi?" bibi aliuliza.

 Jumbe alitazama chini.

"Mawe yepi, mwanangu?"

"Yale ya siku ile, Mama," mkalimani akasema.

Nilikuwa nimesimama karibu na bibi, nikaona jinsi alivyogeuka taratibu kutazama mteremko, kwenye maharage, kwenye makaburi, mpaka kwenye jiwe langu lililokuwa jeupe bado. Nyumba zote saba zilikuwa chini yake. Kama tungepita njia ya chini siku ile, zote zingebaki nje. Kila mtu mzima aliifanya hesabu hiyo kwa wakati mmoja, na kila mmoja akamtazama bibi. Mimi nilificha mikono nyuma.

Mapaa tuliyabomoa wenyewe ili tupate kubeba miti. Kuta walizisukuma askari. Maharage tuliyaacha kwenye maua. Bibi alikwenda makaburini, akakaa huko asubuhi nzima akiwataja waliolala pale mmoja mmoja, akiwaambia tunaelekea wapi ili wasije wakatutafuta. Kisha tukashuka kwa mstari mmoja, kuku kwenye matenga, mpaka chini ya mlima karibu na bonde, tukapewa kipande kwenye ardhi ya ukoo mwingine. Tukawa watu wa kuomba. Kulikuwa na joto na mbu, na maji ya mto yalikuwa ya vuguvugu. Sijawahi kuyazoea.

Homa zilianza na watoto. Mtoto wa yule jirani yetu, aliyekuwa sasa anatambaa, alikufa kabla mvua hazijaisha. Siku ya mazishi bibi alikwenda akaketi na wanawake wengine. Jirani hakulia mbele ya watu. Alimgeukia bibi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia mboga, "Ungewapitisha chini."

 Bibi aliinuka akarudi nyumbani, nami nikamfuata. Tangu hapo jirani hakumsalimu tena, na wengine taratibu wakamfuata jirani. Walikuwa wakija kisimani, wakimkuta yeye wanasubiri aondoke.

Na bibi naye alibadilika. Pale tulipohamia palikuwa kando ya njia ya watu wengi, wa kwenda na kurudi mjini, nao waliuliza kila siku. Hii inaelekea wapi? Kivuko kiko wapi? Bibi aliyejua kila kijito cha mlima ule alikuwa akiinamisha kichwa kwenye jamvi alilokuwa akisuka na kusema, "Sijui, mwanangu. Mimi mgeni hapa." Mara ya kwanza nilipomsikia nilidhani anatania. Nikamwonyesha yule mtu njia. Alipoondoka, bibi alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikuijua kwake, akaniambia nisirudie tena.

Siku moja nikiwa namsaidia kupasua mafunjo nilimwambia kwamba jiwe lile nililipaka mimi. Nilikuwa nimeliweka neno hilo tumboni miezi mingi. Akaacha kazi, akanitazama. "Wewe ulipaka chokaa," alisema. "Chokaa si kitu." Akaendelea kupasua.

Watu wamenieleza baadaye, watu waliosoma, kwamba yule Mzungu angeuchukua mlima ule kwa vyovyote, na kwamba huenda mpaka ulikwisha chorwa kabla hajafika kwetu. Huenda. Mjomba wangu alimwambia bibi hivyohivyo. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lakini mimi ndiye niliyemwambia apande."

Mwaka wa pili homa ilimshika yeye. Siku ya nne hakuweza kushika bakuli. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikitafuta la kufanya, nikamwona jirani anakuja, amebeba uji umefunikwa kwa kawa. Alinipita, akamwinua bibi, akamwegemeza kifuani kwake, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Alikuja hivyo siku tatu, asubuhi na jioni. Siku ya tatu nilimsikia bibi akisema, "Nilitaka wauone uzuri wake."

"Najua," jirani akasema. "Kunywa."

Tulimzika kwenye ardhi ya watu.

Sasa nakwambia jambo ambalo ni gumu kulisema. Msitu ule ni mzuri. Miti imekua vizuri kuliko maharage yetu yalivyowahi kukua. Chemchemi hazikauki, na maji tunayokinga bombani hapa mjini, wanasema, yanatoka kule. Nayanywa kila siku, ni baridi na matamu. Siwezi kuuchukia. Lakini majina ya mahali yamekwisha. Jiwe la kupumzikia lilikuwa na jina, kila kijito kilikuwa na jina, na wanaopita kwa magari wanaona jiwe na kijito tu. Makaburi yale yalikuwa kumi na tisa, na bibi aliwajua wote waliolala humo, nani ni mama wa nani. Mimi nilishika majina ya watatu. Jirani aliwashika wengine sita, akawa ananitajia tukikutana, nami nikawa najibu naam, naam, nikidhani tuna muda. Naye tulimzika zamani.