Dua ya Mama Juma

Enzi zetu pale Kawempe, mtoto hakuulizwa kama anapenda kusoma. Alasiri ilipofika tu, ulipelekwa kwa Mama Juma, ubao kwapani na tumbo limejaa muhogo, mama yako akimwambia mwalimu, "Mchape utakavyo, macho tu umwachie." Tuliketi barazani kwenye mkeka uliotuchora mapaja, wavulana na wasichana, tukipiga kelele: alifu hana, be moja chini, te mbili juu. Mama Juma alishona kofia huku akisikiliza, hata macho hainui. Ukiruka nukta, fimbo yake ndefu ilikufuata ulipo. Hamidi aliipata kuliko sote, maana te yake ilikuwa na nukta moja kila siku. Juma, mwana wa mwenye chuo, msimu wa nsenene hakuonekana kabisa. Alikuwa majanini anakimbiza panzi wake. Watoto wa siku hizi wanasomea kwenye simu, na simu haina fimbo.

Basi tukakua. Hamidi sasa ni mwenyekiti wa chama chetu cha urithi, chama cha familia za Waswahili wa Kampala, ambacho miaka yote kimewaenzi mababu waliokuja na misafara. Ukiwasikiliza, utadhani mababu hao walizaana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka huu wakaamua kuwaenzi wanawake. Kamati ikawa ya wanaume watupu, ili, walisema, wanawake wasisumbuke. Sisi wenye kuenziwa tulikuwa jikoni tangu alfajiri, tunapika pilau na kulizwa na vitunguu.

Kwenye bango waliandika "Mama Juma, Mwalimu Wetu", wakaweka picha ya mumewe, kwa sababu ya kwake haikupatikana. Jina lake halisi hakuna aliyelijua. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto, mpaka lake linasahaulika. Iliniuma sana, maana hata mimi sikulijua.

Hamidi akashika kipaza sauti. "Ndugu zangu, tunashukulu sana. Tumwombee marehemu Mama Juma, halafu Juma atakuja kupokea ngao ya mama yake."

Banange! Marehemu alikuwa kando yangu anaonja chumvi. Alikuwa amehamia kwa bintiye, mtaa wa Kabalagala, na kwa kuwa hakuna mwanachama aliyekwenda kumjulia hali wala kumuuliza Juma, ambaye kama zamani hakuonekana mpaka dua ilipoanza, kamati ilimhesabu amekufa. Akafuta mikono kwenye kanga, akatoka na mwiko wake, akasimama mbele yao. Dua ilipokwisha, akaitikia amina na kujipangusa uso.

"Hamidi, te ina nukta ngapi?"

"Mbili, Mwalimu."

"Afadhali. Sasa jifunzeni na hili. Naitwa Rukia binti Seif. Semeni."

Wazee wenye ndevu nyeupe wakapaza sauti kama zamani barazani: "Rukia binti Seif!"

"Sijasikia."

Wakarudia. Juma alipiga kelele kuliko wote, machozi yakimtiririka, na mimi nililia pia, safari hii bila kitunguu.

Tunapenda kusema vijana wa leo hawana adabu. Lakini kijana wa leo, kabla hajakupiga picha, walau anauliza kwa heshima, "Nyabo, bibi, unaitwa nani?" Sisi wenye adabu zetu tulisoma kwake utoto mzima, na jina lake tukalijua siku tuliyomwombea dua ya maiti.